Alama ya Siku ya Pili

Wiki iliyopita niliwaacha pabaya. Bwana Maono alikuwa ameichukua simu yangu, kidole chake kinatelezesha picha moja baada ya nyingine, nami nimekaa mbele ya meza yake nikimwomba Mungu asifike kwenye zile.

Alifika.

Kabla sijaendelea, nimjulishe aliyejiunga nasi leo. Mimi ni mpambaji. Nilikuwa na saluni, viti vinne na kioo kirefu, mpaka mwenye jengo alipoamua kulibomoa nikabaki na sanduku la vipodozi na wateja wa kunifuata nyumbani. Mteja wangu wa kudumu kuliko wote alikuwa mdogo wangu wa tumbo moja. Yeye ni mhudumu wa mapokezi kwenye kliniki ya macho, na kazi ya mapokezi inataka uso. Asubuhi nikimwona anaingia na miwani ya jua huku mvua inanyesha, najua shemeji amefanya yake. Namkalisha, namfuta, nampaka, na saa mbili kamili yuko kazini anawatabasamia wagonjwa wa macho.

Miaka mitatu tuliishi hivyo, na sikumwambia mtu. Wasomaji wawili wamemwandikia mhariri kwamba mimi ni mbaya kuliko huyo shemeji. Nawaomba wabakize maneno, maana ya leo hawajayasikia.

Sisi wapambaji tuna desturi yetu. Kabla hujamgusa mteja unampiga picha, na ukimaliza unampiga nyingine. Kabla na baada. Ndiyo barua yetu ya kuombea kazi. Kwa mazoea tu, nilikuwa nampiga na mdogo wangu, shavu na taya, nipate kukumbuka safari ijayo ni rangi gani ilifunika nini. Mara saba, picha kumi na nne. Zilikaa kwenye simu katikati ya mabibi harusi kama vile na zenyewe ni za sherehe.

Sasa simu, kama mjuavyo, huanza na picha ya mwisho. Bwana Maono alitelezesha akakutana kwanza na shavu safi, kisha likaja lile lililovilia damu. Kwake yeye shavu safi lilikuwa kabla, na shavu bovu lilikuwa baada.

Huyu bwana ndiye mkurugenzi wa ubunifu wa kampuni ya matangazo niliyokwenda kuomba kazi, na jina la Maono nilimpa mwenyewe kwa kuwa hakuna sentensi yake iliyopita bila neno hilo. Aliisogeza simu karibu na pua, akaitazama mpaka nikadhani amemtambua mtu.

"Hii umeifanya wewe?" akauliza.

Alikuwa anaonyesha zambarau iliyotoka kwenye jicho ikashuka mpaka taya. Nilijua vizuri anauliza nini. Ningeweza kusema hapana, yangu ni ile nyingine, safi. Nikasema ndiyo.

Akanivika kilemba cha ukoka pale pale. Alisema ametafuta mkono kama wangu miaka na miaka. Alisema wapambaji wengine wanapaka uchafu, mimi napaka maumivu. Mtu mwenye akili timamu angesimama akachukua simu yake akaondoka. Mimi kichwa kilinivimba, nikasema asante.

Kabla sijatoka alikuwa amejirushia zile picha kumi na nne kwenye simu yake, kwa ajili ya maono.

Kazi yenyewe ilikuwa tangazo la mkoba wa kike. Nilidhani mkoba utabebwa na mwanamke anayetembea, au anayepanda gari, au anayefanya chochote wanachofanya watu wenye mikoba. Kumbe nimepitwa na wakati. Mwanamke wa siku hizi, ili auze mkoba, inabidi awe amelala chini ya ngazi na gauni la jioni, kiatu kimoja kimemtoka, shingo imegeuka upande, jicho limevilia. Mkoba uko pembeni yake, mzima, umekaa wima.

Mkoba ule ulikuwa na mlinzi wake mwenye glavu nyeupe. Mpiga picha akipumzika, mlinzi anaufunika kwa kitambaa. Mwanamitindo hakuwa na mlinzi wala kitambaa, na juu ya ile sakafu ya saruji alilala kwa saa nne.

Juu ya ngazi ilionekana miguu ya mwanamume, suruali na viatu tu. Miguu ilikuwa ya mhasibu wa kampuni, aliyechaguliwa kwa kuwa viatu vyake vilikuwa vizuri. Alisimama pale anatokwa na jasho, akiuliza kila baada ya dakika tano kama anaweza kurudi ofisini kwake.

Bwana Maono alitaka alama ioane na mkoba, na mkoba ulikuwa zambarau. Nikamwambia basi anataka alama ya siku ya pili. Siku ya kwanza ni nyekundu na imevimba, ya pili ndiyo inaingia zambarau, ya tano inaelekea ukijani, ya nane ni manjano. Akatoa kijitabu akaandika yote. Uvimbe akaukataa kwa sababu unaharibu taya. Manjano akaikataa kwa sababu haiuzi. Akaniuliza nilisomea wapi, nikamwambia nyumbani.

Basi nikatoa simu, nikaichagua moja ya zile saba, ile ya siku ya pili, nikaiegemeza kwenye kioo na kuanza kuinakili usoni mwa mwanamitindo. Sikukosea kitu. Hata ile alama ndogo ya mraba kwenye mfupa wa shavu niliiweka. Shemeji huvaa pete pana yenye jiwe la mraba, na anapofanya yake hana muda wa kuivua. Bwana Maono alipokaona kale kamraba alikaribia kulia. Alisema hapo ndipo sanaa ilipo.

Mwanamitindo alikuwa binti mpole, anatafuna ubani na kutii kila alichoambiwa. Lakini saa ya tatu ubaridi ulimzidi.

"Bosi, samahani," akasema kutoka pale chini. "Hapa nimepigwa au nimeanguka?"

"Hakuna aliyekupiga," akajibu Bwana Maono. "Ni hisia."

"Na yule kule juu?"

"Yule ni mandhari."

"Basi mwambie mandhari ashuke aniinue, mguu umekufa ganzi."

Watu walicheka, na mimi nilicheka. Kisha kitu kikanichoma moyoni, maana maneno ya Bwana Maono nilishayasikia. Siku ya kwanza mdogo wangu alipokuja na miwani yake alisema hakuna aliyempiga, ni mlango wa kabati. Nilijikaza kisabuni, nikachukua brashi nikaongeza zambarau kidogo chini ya jicho.

Wiki mbili baadaye bango likapanda. Refu kama nyumba ya ghorofa mbili, na chini yake maneno manne ambayo Bwana Maono aliyatafuta mwezi mzima: *Kwake, kuanguka ni madaha.* Na katika mji mzima, wenye bango waliona pa kulisimamisha ni pale kwenye makutano ya barabara, mkabala na kliniki ya macho.

Nawaambia ukweli wangu wote, ndiyo maana mnanisoma. Nilikwenda kulitazama. Nikasimama ng'ambo ya barabara nikasikia wanawake wawili wakisema gauni lile ni zuri, wakiulizana linauzwa wapi. Nikajipiga picha, bango nyuma yangu. Nilikuwa na furaha.

Furaha ilidumu siku tisa. Siku ya kumi muuguzi mmoja aliandika barua gazetini. Alisema alama ile ameiona wodini zaidi ya mara moja, ila hajawahi kuiona imekuja na mkoba. Akauliza kampuni ilimpiga nani ili ipate picha. Barua ikazaa barua. Akina mama wakasimama chini ya bango na mabango yao madogo, na mwenye kampuni ya mkoba akampigia simu Bwana Maono, na Bwana Maono akanipigia mimi.

Nilimkuta na karatasi mezani. Ilisema kwamba mimi, mpambaji mwenye jina na saini hapo chini, nathibitisha kuwa alama zote zinazoonekana katika kazi zangu, zikiwemo picha kumi na nne za majaribio zilizokuwa kwenye simu yangu, ni vipodozi vitupu, na kwamba hakuna mwanamke yeyote aliyeumizwa.

Niliisoma mara mbili. Nikauliza kama zile kumi na nne ni lazima ziwemo. Bwana Maono akasema ndizo zenyewe, ndizo zitakazowafunga watu midomo, maana zinaonyesha nimeanza ufundi huu zamani nyumbani kwangu kwa mapenzi yangu. Kisha akanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nikitia saini, kuna tangazo la pili, la marashi, mwanamke ndani ya buti ya gari. Nitakuwa na chumba changu studio, kioo chenye taa pande zote, na kibao mlangoni kinachosema Mshauri wa Majeraha.

Mimi niliyebomolewa saluni nilikifikiria kile kioo. Nikatia saini.

Jumamosi ikatoka kwenye gazeti, ukurasa mzima. Si gazeti hili, mhariri asinitazame vibaya. Mimi nacheka na brashi mkononi, pembeni yangu picha ya bango, chini yangu mashavu saba safi na mashavu saba mabovu, na kichwa cha habari kikisema mkono mmoja unaumiza bila kuumiza. Mdogo wangu hasomi magazeti. Nilijifariji kwa hilo.

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi akagonga mlango. Hakuvaa miwani. Uso wake ulikuwa safi, maana safari ya mwisho ilikuwa imepita miezi miwili na manjano yote ilishaisha. Mkononi alikuwa na mfuko mmoja wa nguo. Kwa mazoea nilivuta kiti na kufungua sanduku.

"Leo usinipake, dada," akasema. "Zile picha unazo?"

"Picha gani?" Nilijifanya hamnazo.

"Za kabla. Nakwenda kumshtaki. Nimeondoka."

Nikakaa kwenye kile kiti mwenyewe.

Akanieleza kwa sauti ya chini, bila machozi. Jana yake walikuwa wanatoka sokoni na mumewe. Walipofika kwenye makutano, shemeji alisimamisha gari pembeni, akazima injini, akalitazama bango kwa raha zake. Kisha akamgeukia mkewe na kumwambia, taratibu kabisa, "Ona mwenzako alivyotulia. Wala halalamiki." Akawasha gari wakaenda nyumbani kupika.

Nilimwambia pole.

"Mimi nilijua siku ya kwanza kuwa pale juu ni mimi," akaendelea. "Ile alama ya pete naijua. Kila siku naiona kupitia dirisha la mapokezi."

"Na hukuniambia kitu?"

"Sikukasirika, dada. Nilijua hukuweza kusema kwa mdomo. Nilidhani umeniweka pale ili watu waone."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Hapo ndipo nilipotakiwa kumwambia habari ya karatasi, habari ya gazeti, habari ya kioo chenye taa. Alikuwa ananitazama kama alivyokuwa ananitazama tukiwa wadogo, mimi nikiwa nimemshika mkono kuvuka barabara. Sikumwambia. Nikachukua simu, nikachukua mkoba wangu, nikamfuata, nikijidanganya kwamba huenda na polisi nao hawasomi magazeti.

Afande aliyetupokea alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani, feni juu yake inapiga kelele kuliko inavyopuliza. Alimkalisha mdogo wangu, akamsikiliza bila kumkatiza. Nikampa simu. Akazipitia zile saba moja moja, akauliza tarehe, akaandika, akauliza ile ya mraba ni nini, mdogo wangu akamwambia ni pete. Afande akatikisa kichwa. Alisema wengi wanaokuja hapo hawana chochote zaidi ya maneno yao, na mume akija na maneno yake jioni wanarudi nyumbani pamoja. Mwenye picha ni nadra. Akamwambia amepata dada wa kweli.

Mimi nikatazama feni.

Mume akaitwa. Haikuchukua hata nusu saa. Shemeji ni mtu wa kuuma na kupuliza, na siku hiyo alikuja kupuliza tu. Shati limenyooshwa, salamu kwa kila mtu mpaka mfagizi wa kituo, akaniuliza kama homa yangu ya juzi imepona. Nilitazama mkono wake. Pete haikuwepo. Kidole kilikuwa na mstari mweupe mahali ilipokaa miaka yote.

Chini ya kwapa alikuwa na gazeti.

Alilifungua mezani polepole, akalilainisha kwa kiganja. Akamwambia afande kwamba amelihifadhi kwa sababu anajivunia shemeji yake, si kila familia ina msanii. Mkewe, alisema, ana moyo mwema, miaka mitatu amekuwa akimwazima dada yake uso wa kujifunzia. Yeye mwenyewe hakupendezwa sana na kazi hiyo, lakini atafanyaje, ndugu ni ndugu. Sasa pengine wamegombana kidogo nyumbani, mke ana hasira, ameona azitumie zile picha. Hamlaumu. Amekuja kumchukua waende nyumbani wayamalize.

Mdogo wangu alilivuta gazeti upande wake. Aliniona mimi nacheka na brashi. Aliyaona mashavu yake kumi na manne. Akasoma mpaka chini, kidole chake kikifuata mistari, mpaka kwenye maneno yasemayo hakuna mwanamke yeyote aliyeumizwa, na mbele yake saini ambayo anaifahamu tangu nilipokuwa namsainia daftari la shule.

Alikunja mikono mapajani akatazama ukuta.

Afande akavaa miwani. Akaiweka simu yangu kando ya gazeti, picha ya kweli upande huu, picha ya bango upande ule, na akazilinganisha kwa muda mrefu. Alikuwa anatafuta ukweli kwa nia njema kabisa. Mwisho akagonga ile ya bango kwa kalamu.

"Mimi kwa macho yangu," akasema, "hii ndiyo inayoonekana ya kweli."

Na mimi, Mungu anisamehe, kwa sekunde moja nilifurahi. Mwili mzima ulinichangamka, kama fundi yeyote anayesifiwa kazi yake. Kisha nikamwona mdogo wangu amegeuka ananitazama, na ameiona ile furaha.

Afande akaivuta karatasi aliyokuwa ameanza kuandika, nusu ukurasa. Alisema yeye hana haraka, ila anataka jibu moja tu, na jibu hilo ndilo litakaloamua huyu mwanamke anatoka hapa na nani. Saini ni yangu?

Nikasema ni yangu.

"Basi niambie. Ulidanganya siku ile ulipotia saini, au unadanganya leo?"

Mfuko wa nguo wa mdogo wangu ulikuwa chini, katikati ya miguu yake, ameubana kwa visigino. Shemeji aliegemea kiti akaniambia kwa upole nisiogope, niseme ukweli tu.

Hakuwa na wasiwasi hata chembe. Awe nao wa nini? Miaka mitatu namsafishia kazi yake kabla ya saa mbili asubuhi, na hata siku moja sijamwangusha.

Afande akafungua kifuniko cha kalamu, akaniambia ananisubiri mimi.